Jemadari "Asiyeshindwa" na Hesabu ya Wapagazi

Tumezoea kuwapima majemadari kwa mizani yenye sahani moja. Juu yake tunaweka mapigano waliyoshinda, maadui waliowazidi akili na nishani walizovaa, kisha tunatangaza uzito. Sahani ya pili, ile ya watu waliobeba gharama, hatuigusi. Mithali 11:1 inatuambia jinsi Bwana anavyoiona mizani ya hadaa. Mfanyabiashara wa nafaka akipima hivyo sokoni tungemwita mwizi. Mwandishi wa historia akipima hivyo tunampa tuzo, na mhubiri akipima hivyo mimbarani tunamwitikia "Amina".

Jambo hili ni letu kanisani. Nimeketi katika semina nyingi za uongozi wa kanisa ambamo mwezeshaji alianza na Aleksanda Mkuu, akapita kwa Napoleon, ndipo akafika kwa Bwana Yesu, kana kwamba Yesu ni wa tatu katika orodha hiyo. Hakuna aliyeuliza ni wangapi walirudi nyumbani kati ya mamia ya maelfu ambao Napoleon aliwaongoza kuingia Urusi mwaka 1812. Nimesahihisha pia insha za wanafunzi wa theolojia wanaomsifu jemadari mmoja aliyepigana katika ardhi yetu wenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck. Wanamwita jemadari ambaye hakushindwa. Nataka kuonyesha kwamba sifa hiyo ni kubwa kuliko mtu mwenyewe, na kwamba Mkristo wa Tanzania anapoirudia bila kuipima anawatukana babu zake.

Sifa zenyewe

Tuzieleze sifa zake kwa haki, maana amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata akiwa jirani aliyekufa zamani. Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni la Wajerumani. Mwezi Novemba mwaka huo Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Yeye alikuwa na watu wapatao 1,000. Aliwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi, akapigana, na Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufukoni. Tangu hapo alipigana miaka minne, akirudi nyuma kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Machi 1919 alipita juu ya farasi katika lango la Brandenburg mjini Berlin, akishangiliwa. Kambi za jeshi na mitaa ya Ujerumani ilipewa jina lake. Alipofariki mwaka 1964, waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, aliyezaliwa Gare huko Usambara, alihutubia mazishini.

Hata mnyama wa kale alipewa jina lake. Kabla ya vita, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa huko Tendaguru, mkoani Lindi, na wapagazi wakaibeba vichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Baada ya vita mmoja wa wanyama hao aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Waliobeba mifupa ni watu wa Lindi. Jina lililoandikwa ni la jemadari. Karibu hadithi yote ya vita ile imeandikwa kwa mtindo huohuo.

Je, alifaulu hata kwa kipimo chake?

Wapenzi wa majemadari watasema kwamba mwanajeshi hupimwa kwa lengo lake la kijeshi, si kwa machozi ya mchungaji. Vema, tumpime hivyo.

Lengo lake, kama alivyolieleza mwenyewe, lilikuwa kuwavuta maadui wengi kadiri iwezekanavyo waje Afrika Mashariki, wasiende kupigana Ulaya. Sasa tuwatazame waliokuja. Walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, watu wa Nigeria na wa Gold Coast, na vikosi vya King's African Rifles vilivyoandikisha vijana wa Kenya, Uganda na Nyasaland. Katika miaka miwili ya mwisho wengi wa waliomfukuza walikuwa Waafrika, ambao Waingereza hawakuwa na mpango wa kuwapeleka katika mahandaki ya Ufaransa. Vita ya Ulaya iliamuliwa Ulaya. Sioni siku hata moja ambayo vita hiyo ilifupishwa au kurefushwa na kilichotokea Mahenge au Masasi.

Na koloni alilotumwa kulilinda? Moshi ilikwenda Machi 1916. Dar es Salaam na Tabora zilikwenda Septemba mwaka huo. Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuiacha nchi nzima mikononi mwa adui. Mlinzi aliyepoteza nyumba, ng'ombe na shamba, kisha akakimbia na ufunguo mfukoni, hatumwiti mlinzi asiyeshindwa.

Inasemwa pia kwamba alikuwa bingwa wa vita vya msituni, aliyejua kuokoa nguvu zake. Lakini mara nyingi alitafuta pigano kubwa la uso kwa uso, na lilimgharimu. Jassin, Januari 1915, alishinda, lakini alipoteza maofisa ambao hakuweza kupata wengine, na alitumia risasi zipatazo 200,000 katika koloni ambalo bahari yake ilikuwa imefungwa na meli za Waingereza. Mahiwa, Oktoba 1917, alishinda tena, na baada ya ushindi huo hakuwa na nguvu ya kubaki nchini. Kabla ya kuvuka mto aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi. Ushindi kama huo mtu hawezi kuupata mara nyingi akabaki hai.

Tukumbuke pia kwamba Gavana Heinrich Schnee, mkubwa wake kwa sheria, alitaka koloni libaki nje ya vita. Jemadari alimpuuza. Sisi Walutheri tuna mazoea ya kumsomea Warumi 13 raia mnyonge anayenung'unikia kodi. Sijawahi kusikia ikisomwa dhidi ya jemadari aliyempuuza mkubwa wake ili apate vita.

Nani alibeba mzigo?

Hapa ndipo sahani ya pili inapoanza kushuka. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, na mbali na reli hapakuwa na njia ya kusafirisha kitu ila kichwa cha mtu. Fanya hesabu ndogo pamoja nami. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za nafaka na kula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Ni kilo tano tu zilizomfikia askari. Safari ikifika siku kumi na tatu kwenda tu, mzigo wote hautoshi hata kumlisha aliyeubeba mpaka arudi.

Jemadari anayesogea mbali na reli ana njia tatu. Aongeze wapagazi maelfu kwa maelfu. Awanyime chakula. Au achukue chakula cha vijiji anavyopitia. Vita ile ilitumia njia zote tatu. Tunachokiita akili ya Lettow-Vorbeck, yaani uwezo wake wa kuishi miaka bila msaada kutoka kwao, tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba aliishi kwa mtama wetu, kwa mihogo yetu na kwa shingo za vijana wetu. Wapagazi waliochoka waliachwa njiani, na waliobaki walilindwa wasitoroke. Jeshi lake halikutuachia daftari la waliokufa. Wanahistoria wanabaki kukadiria, na makadirio yao ni ya makumi ya maelfu. Upande wa Waingereza, walioandika japo kwa uzembe, wanataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, baridi na njaa, si kwa risasi.

Kisha waje wale ambao hawakubeba chochote. Ugogo, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, na Waingereza walipofika wakachukua tena. Mvua ilipokosekana, watu hawakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kuuza wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917, Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba mtu mmoja katika kila watano alikufa. Kusini, watu wa Songea, Mahenge na Lindi walikuwa wamekwisha kuona njaa ikitumiwa kama silaha baada ya Vita vya Majimaji, mashamba na maghala yalipochomwa kwa makusudi. Miaka kumi baadaye majeshi yaliwapitia tena. Mwishoni mwa 1918 homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima ikawakuta watu ambao miili yao haikuwa na kitu cha kupigania.

Shahidi mmoja alitoka ndani ya msafara wenyewe. Ludwig Deppe, daktari aliyetumika chini ya Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na akafananisha mwendo wao na majeshi ya Vita vya Miaka Thelathini. Ulinganisho huo ungetushtua sisi Walutheri. Katika vita hivyo, 1618 hadi 1648, tunaye jemadari wetu wa kujivunia, Mfalme Gustavus Adolphus wa Sweden, aliyeuawa Lützen mwaka 1632 na kuimbwa kama mwokozi wa Matengenezo. Lakini vita hivyo vilipokwisha, yako majimbo ya Ujerumani yaliyobaki karibu matupu. Mkulima aliyeporwa hakutofautisha askari wa Kilutheri na wa Kikatoliki. Wote walikula mbegu yake.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema kwamba askari wake walimpenda. Ni kweli, wengi walimfuata hadi mwisho, na aliporudi kutembelea Tanganyika mwaka 1953 askari wazee walimpokea kwa shangwe. Sitaki kuwadharau wazee wale. Lakini askari alikuwa na bunduki, cheo na ahadi ya mshahara. Chakula kilipopatikana, yeye alikula kwanza. Zaidi ya hayo, waliokuja kumpokea ni waliobaki hai na ambao hawakutoroka. Hakuna mpagazi aliyekufa kwa kuhara porini anayeweza kwenda bandarini kushangilia, wala kunyamaza.

Pili, watasema vita ni vita, na Waingereza walifanya yaleyale. Nakubali, na ndiyo maana siwaachi. Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza mwaka 1916, aliwasukuma watu wake mbele kuliko chakula chao, akaondoka Januari 1917 kwenda London, akitangaza kwamba kazi imekwisha, na watu wakaendelea kufa miaka miwili. Naye ana sanamu. Kosa la wawili halimgeuzi mmoja kuwa shujaa.

Tatu, watasema namhukumu mtu wa zamani kwa vipimo vya leo. Lakini Kumbukumbu la Torati 20:19 si kipimo cha leo. Sheria ya Musa ilikataza jeshi la Israeli kukata miti ya matunda ya mji linaouzingira, kwa sababu mti si adui. Kama mti ulilindwa, basi na ghala la mjane wa Kigogo lilindwe. Lettow-Vorbeck alibatizwa na kukulia katika nchi iliyokuwa na Biblia ya Luther kila nyumba. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya Jenerali Lothar von Trotha huko Namibia, wakati ambapo von Trotha, Oktoba 1904, alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Hakuwa mtu aliyekosa nafasi ya kujua.

Maandiko yanampimaje jemadari?

Kanisa letu halifundishi kwamba kila askari ni mwenye dhambi kwa kuwa askari. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kuitumikia serikali, hata katika vita ya haki. Luther mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1526 kuhusu swali la kama askari nao waweza kuokoka, akajibu kwamba waweza. Lakini katika kitabu hichohicho alimlaumu vikali anayeanza vita kwa kuitamani. Hoja yangu basi haihusu bunduki peke yake. Inahusu tunayemwita mkuu, na kwa sababu gani.

Soma 2 Samweli 23:13–17. Daudi yuko pangoni, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya Wafilisti na kumletea. Jemadari wa kawaida angekunywa, angewasifu, angewapa cheo. Daudi anakataa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa sababu ndani ya chombo kile anaona damu ya watu walioyaendea. Huyu ni Daudi yuleyule aliyekatazwa kujenga hekalu kwa ajili ya damu nyingi aliyomwaga, naye alimuua Uria. Lakini siku ile alipima kwa mizani yenye sahani mbili. Hakuuliza tu kama maji yamefika. Aliuliza yamefika kwa gharama ya nani.

Katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518 Luther alisema kwamba mwanatheolojia wa utukufu huita ubaya wema na wema ubaya, bali mwanatheolojia wa msalaba hulitaja jambo kama lilivyo. Wanafunzi wangu hukariri tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha hutoka chumbani na kumsifu jemadari. Teolojia ya msalaba ina kazi pia katika somo la historia. Inatufundisha kumtafuta Kristo upande wa yule aliyeshurutishwa kubeba mzigo. Simoni wa Kirene alikuwa mtu wa Afrika aliyekamatwa njiani na askari wa dola ya kigeni, akabebeshwa mti ambao haukuwa wake. Marko 15:21 inataja jina lake na majina ya wanawe wawili. Mwinjili aliona vema kuandika jina la mpagazi. Majina ya askari waliomkamata hakuyataja.

Na sisi je?

Watu wa Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku. Jina lile ni Kiswahili cha "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Mamia kwa maelfu ya watu wametuachia jina moja la soko, na wengi wetu hata hatujui kwamba ni lao. Si mbali na hapo, mtaa wa Samora, imesimama sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka na wapagazi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

Kanisa limefanya vizuri zaidi? Waingereza walipowakamata na kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani, sharika zetu changa zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao bila mshahara, wakati wa njaa. Martin Ganisya aliishika kazi ya Kilutheri Uzaramo. Bukoba, kina Andrea Kajerero walilishika kundi. Waulize vipaimara wako ni nani hao. Kisha waulize Napoleon ni nani.

Na ugonjwa huu haukubaki katika vitabu. Tukimwita mchungaji au mkuu wa jimbo "jemadari", mara nyingi tunamaanisha kwamba amemaliza jengo. Jiwe la msingi litachorwa majina ya waliokata utepe. Hatuulizi kama mwinjilisti wa mtaa wa mbali alilipwa posho yake miezi ile, wala kama bibi aliyesomwa jina lake hadharani kwa kutomaliza ahadi aliuza kuku wake wa mwisho. Jengo limefika, kama maji ya Bethlehemu. Nani yuko tayari kuuliza yamefika kwa gharama ya nani?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yawezekana mwaka huu. Yeyote anayemtaja jemadari katika mahubiri au semina ataje pia waliombebea mizigo, au aache mfano huo. Tarehe 25 Julai, taifa linapowakumbuka mashujaa, sharika zetu ziwaombee na wapagazi, na wazee waulizwe babu gani wa ukoo alichukuliwa asirudi, majina yaandikwe katika kitabu cha usharika. Na kila taarifa ya mradi inayosomwa mbele ya mkutano mkuu wa usharika iwe na ukurasa wa sahani ya pili: nani alibeba, alilipwa nini, na nani bado anadai.

Majemadari hawatapungukiwa kitu kwa hayo, wana sanamu za kutosha. Wapagazi wetu wanatudai majina yao, na deni hilo twaweza kuanza kulilipa Jumapili ijayo.